Umeambiwa Homosisteini Iko Juu? Tulia Kwanza, Soma Hii Kabla Ununue Vidonge

Uko zako Kiembeni, simu inalia. Majibu ya damu yameingia WhatsApp. Unashuka nayo: sukari sawa, mafuta sawa, halafu kuna jina refu hivi, homosisteini, kando yake 19 na mshale unaangalia juu. Unaingia Google. Dakika mbili baadaye ushajizika: mshtuko wa moyo, kiharusi, kusahausahau uzeeni.

Usiingize baridi, msee. Hiyo namba ina maana, lakini inaweza kuwa si ile uliyoisoma usiku wa manane ukiwa umelala chali.

Homosisteini ni kitu gani?

Ukidishi samaki, nyama, mayai ama maziwa, mwili unapata kitu kinaitwa methionini. Mwili ukishaitumia, inageuka homosisteini. Hujalishwa sumu na mtu; kila binadamu anayo. Kazi ni kuiondoa isijazane.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, mwili unairudisha iwe methionini tena, na hapo unahitaji foleti na vitamini B12. Ya pili, unaigeuza kitu kingine cha kutumika, na hapo anayefanya kazi ni vitamini B6. Mmoja wa hawa akikosa kufika kazini, homosisteini inapanga foleni kama magari daraja la Nyali saa kumi na mbili jioni. Ndio maana hiki kipimo mara nyingi kinakupa stori ya vitamini kabla ya stori ya moyo.

Namba zinasema nini?

Maabara nyingi zinahesabu 5 hadi 15 kuwa kawaida, kwa kipimo cha maikromoli kwa lita. Kutoka 15 hadi 30 imepanda kiasi. Kutoka 30 hadi 100 imepanda vizuri, lazima sababu itafutwe. Ikipita 100, mara nyingi ni ugonjwa wa kuzaliwa nao: mwili hauna kimeng'enya cha kuiondoa, damu inaganda ovyo na hata macho yanaharibika. Hiyo si ya kungoja kesho, nenda hospitali. Lakini cheki pia kiwango kilichochapishwa kwenye karatasi yako, maana kila maabara ina mipaka yake.

Joto la Mombasa linaweza kukudanganya

Hii ndiyo sehemu wasee wengi hawaambiwi. Damu ikishatolewa, chembe nyekundu hazijui kama ziko ndani ya chupa. Zinaendelea kutoa homosisteini. Ikikaa tu kwenye joto la chumba bila kutengwa, namba inapanda kama asilimia 10 kila saa.

Piga hesabu. Homosisteini yako halisi ni 12, uko freshi kabisa. Chupa ikakaa masaa manne ikingoja boda aje aichukue. Ikifika kwenye mashine inasoma karibu 17. Tayari umeshapewa mshale wa juu na ugonjwa huna. Na hilo ni joto la chumba, si la begi la boda mwezi wa Machi.

Dawa yake ni rahisi. Chupa iwekwe kwenye barafu pale pale, na damu ichujwe kwa mashine ya kuzungusha ndani ya saa moja. Ikishatengwa na chembe, namba inatulia, hata ikisafirishwa mbali haina noma.

Kwa hivyo kabla unyooshe mkono, uliza: "Damu yangu mnaichuja hapa, ama inapelekwa kwingine kwanza? Mna barafu?" Ukiona mtu anababaika, afadhali uvuke uende mahali wana mashine yenyewe. Doh ni zako, usiuziwe mbuzi kwa gunia. Uliza pia kama unatakiwa ufike bila kula. Maabara nyingi hutaka hivyo.

Na kama kweli iko juu?

Rudia kipimo kwanza, safari hii na barafu. Ikibaki juu, mwombe daktari apime B12, foleti, figo na hesabu kamili ya damu. Figo zikichoka, homosisteini inapanda. Tezi ya shingo ikilegea, inapanda. Sigara na pombe nyingi zinaisukuma. Dawa zingine pia: metfomini ya sukari ukiitumia miaka mingi inashusha B12, na dawa fulani za kifafa zinamaliza foleti. Usiache dawa yako lakini, ongea na aliyekuandikia.

Sasa hapa ndipo watu wanaumia. Umesoma kuwa foliki inashusha homosisteini, ukashuka duka la dawa ukabeba. Kama shida yako ilikuwa B12, foliki inaweza kurekebisha damu ikaonekana poa, huku ukosefu wa B12 ukiendelea kula mishipa ya fahamu chini kwa chini. Miguu inaanza kufa ganzi na kuchomachoma, unayumba ukitembea gizani, kichwa kinasahau. Ukichelewa sana, madhara mengine hayarudi nyuma. B12 ipimwe kwanza. Ila kama unameza foliki kwa sababu ya ujauzito ama siko seli, endelea. Hiyo umepewa kwa sababu yake.

Na moyo je?

Mwaka wa 1969, daktari Mmarekani Kilmer McCully aliona watoto waliokufa na homosisteini ya juu sana wakiwa na mishipa migumu kama ya wazee. Akasema homosisteini inaharibu mishipa. Baadaye ikaonekana kweli, wenye namba kubwa hupata zaidi shida za moyo na kiharusi. Lakini majaribio mawili makubwa yaliyotoka 2006 yalionyesha vidonge vya vitamini B vilishusha namba bila kupunguza mshtuko wa moyo. Kwa kiharusi kuna tafiti zilizoonyesha nafuu kidogo. Maana yake? Presha, sukari na sigara bado ndizo kesi kubwa. Usiache kupima presha eti unakimbizana na homosisteini.

Dishi la kukusaidia liko mtaani

Foleti iko kwenye mbaazi, kunde, ndengu, maharagwe na mchicha. Usichemshe mboga mpaka ife halafu umwage maji, maana foleti inaenda nayo. B12 iko kwenye samaki, dagaa, maini, mayai na maziwa. Kama huli chochote cha mnyama, mchicha hautakupa, itabidi utafute kidonge. Tena tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na mahindi wa viwandani uongezewe virutubisho, foleti na B12 zikiwemo. Ule wa kusagiwa mtaani mara nyingi hauna.

Kwa hivyo asubuhi ya mahamri na mbaazi si ushamba. Ongeza yai, uko sawa. Msee anayeshinda siku nzima na muguka na soda, akisahau dishi, huyo ndiye wa kumtumia hii stori.