Kinanda cha Mdomo na Sauti Iliyokosekana

Leo nataka kuwaeleza jinsi nilivyojifunza kupiga wimbo mmoja kwa kinanda cha mdomo. Wimbo huo ni "Auld Lang Syne", ambao sisi huuimba usiku wa kuagana, tumeshikana mikono. Asili yake ni Uskoti. Mshairi Robert Burns aliyaandika maneno yake mwaka 1788, akasema ameyapata kwa mzee mmoja aliyekuwa akiyaimba. Kwa kuwa ni wimbo wa watu wote, wala si wa mabingwa, nilidhani kuupiga ni kazi rahisi. Hapo ndipo nilipokosea.

Nilikuwa Senior Two, na kiranja wa bweni letu alikuwa anamaliza masomo. Huyu ndiye aliyenipokea nilipofika shuleni mara ya kwanza, nikiwa mgeni nisiyejua hata pa kuchota maji. Alinionyesha kila kitu wala hakunicheka. Basi aliponiomba nimpigie wimbo wa kuaga, nilikubali papo hapo, na kumbe nilikuwa sijaujaribu mpaka mwisho. Usiku ule nilianza vizuri. Nilipokaribia mwisho wa ubeti, sauti niliyoitaka haikupatikana. Nikapuliza, nikavuta, ikatoka nyingine. Watu wakacheka, wimbo ukakatika. Asubuhi yake kiranja wetu alikwenda zake, nami sikuthubutu kumtazama usoni.

Wakati wa likizo nilikichunguza kinanda changu. Ni kile cha kawaida, cha namna ambayo Matthias Hohner alianza kuitengeneza mjini Trossingen, Ujerumani, mwaka 1857. Kina matundu 10. Katika kila tundu mna ndimi mbili nyembamba za shaba: mmoja hulia ukipuliza, na wa pili hulia ukivuta pumzi. Kwa hiyo ndimi zote ni 20.

Sasa tuhesabu sauti zake kama tufanyavyo katika kwaya. Ukipuliza tangu tundu la 1 mpaka la 10, utapata: do, mi, so, do, mi, so, do, mi, so, do. Ukivuta, utapata: re, so, ti, re, fa, la, ti, re, fa, la. Tazameni matundu matatu ya kwanza. Mna do, re, mi, so na ti, lakini fa na la hazimo kabisa. Hili si kosa la fundi. Matundu hayo yamepangwa hivyo ili mtu akipuliza kwa pamoja apate do, mi na so, na akivuta apate so, ti na re, sauti zinazopatana za kuusindikiza wimbo.

Mimi nilikuwa nikianza wimbo kwa kupuliza tundu la 3, yaani so. Mwanzo wote ulikwenda sawa, kwa maana matundu ya 4, 5 na 6 yana kila kitu. Lakini mwishoni wimbo hushuka kwenye la iliyo chini ya do. Nikipuliza tundu la 3 napata so, nikilivuta napata ti. La hukaa katikati yao, nayo haina ulimi wake. Ndiyo iliyoniaibisha.

Nilimwendea mjomba wangu, ambaye hupiga endongo, kinubi cha Kiganda chenye nyuzi nane. Nilimwimbia wimbo wote. Akausikiliza mara mbili, akasema, "Mpwa wangu, wimbo huu una sauti tano tu, kama nyimbo zetu. Usihangaike na kinanda kizima. Tafuta mahali zinapokaa zote tano."

Ni kweli. Nafasi baina ya sauti na sauti katika endongo hazilingani na zile za Waskoti, lakini hesabu ni moja. Wimbo huu hutumia do, re, mi, so na la tu. Nikatafuta, nikaona kwamba nikianza kwa kupuliza tundu la 6 badala ya la 3, napata zote. So ni kupuliza 6, na ile la iliyonikimbia ni kuvuta 6 hilo hilo. Do ni kupuliza 7, re ni kuvuta 8, mi ni kupuliza 8, so ya juu ni kupuliza 9, na la ya juu ni kuvuta 10.

Iko njia nyingine, nayo ni kuipinda sauti. Ukivuta tundu la 3 huku ukirudisha ulimi nyuma kinywani, kama mtu anayetoka kutamka "i" akaelekea "u", ti hushuka mpaka la. Lakini ukizidisha kidogo unaipita, ukipunguza huifikii. Mimi nilihitaji miezi mingi kabla ya kuiweza.

Anayetaka kujifunza na afanye hivi. Kwanza, auimbe wimbo kwa do, re, mi mpaka aujue bila kuwaza. Pili, abane midomo kama anayepiga mluzi, ili tundu moja tu lilie. Tatu, avute na kupuliza polepole, hasa matundu ya juu, kwa kuwa ukiyapuliza kwa nguvu hupiga kelele tu. Nne, akumbuke kwamba katika matundu 1 mpaka 6 sauti ya kuvuta iko juu kuliko ya kupuliza, lakini tangu la 7 mambo hugeuka, ya kuvuta ikawa chini. Mwisho, ajifunze mstari mmoja mmoja, asiruke ule unaomshinda. Mimi niliuruka, nao ukaningojea mbele ya watu.

Mwaka uliofuata, usiku wa kuagana, wanafunzi wa zamani walialikwa, na kiranja wetu alikuwamo. Niliomba ruhusa nipige tena. Nilianza tundu la 6, polepole, moyo ukinidunda. Tulipofika pale pa mwaka jana nilivuta badala ya kupuliza, na la ikatoka. Wote wakaimba mpaka mwisho. Kisha alinijia, akanishika mkono, akasema, "Sasa nimeagwa."

Basi, wenzangu, ukiombwa wimbo, ujaribu wote kabla hujasema ndiyo.