Nani Aliyewafinyanga?

Mwaka 1911, wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia waliwaita wazee wa Kiacholi, kaskazini mwa Uganda, wakawauliza: nani aliyewaumba? Kwa masimulizi ya Okot p'Bitek, mshairi na mtafiti aliyezaliwa katika jamii hiyo, lugha ya wazee haikuwa na neno la kuumba kwa maana waliyoikusudia wageni. Swali likawafikia hivi: nani aliyewafinyanga? Wazee wakashangaa, maana binadamu huzaliwa na mama yake. Wageni wakashikilia kutaka jibu. Hatimaye mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu aliyezaliwa mzima huweza kupatwa na ugonjwa wa uti wa mgongo akawa kibiongo, yaani akafinyangwa upya, na ugonjwa huo ulihusishwa na pepo aitwaye Rubanga. Basi akajibu: Rubanga ndiye anayefinyanga watu. Jina hilo likachukuliwa kuwa jina la Mungu wa Wakristo.

Okot alipoeleza kisa hiki alikuwa na mpinzani wa kiwango chake. John Mbiti wa Kenya alizaliwa 1931, mwaka uleule aliozaliwa Okot. Wote wawili walisoma hadi vyuo vikuu vya Uingereza, na wote walifundisha Makerere. Mbiti, kasisi wa Kianglikana, alikusanya maelezo kutoka jamii karibu 300 za Afrika, akahitimisha kwamba Waafrika walimjua Mungu kabla ya mmisionari yeyote kufika. Okot, aliyelelewa katika Ukristo na kuuacha alipokuwa masomoni Uingereza, alitazama ushahidi wa aina hiyohiyo akaona miungu ya Kiafrika imevishwa nguo za kuazima. Nani kati yao alikuwa mjinga? Hakuna. Kwa hiyo ile hoja nyepesi, kwamba muumini hakusoma au asiyeamini ana kiburi tu, haitufikishi popote.

Naamini sababu kubwa ya muumini na asiyeamini kutokubaliana ni kwamba pande hizi mbili hazijibu swali moja. Mtoto akipona malaria kali, mama muumini husema alhamdulillahi. Anatafuta wa kumshukuru. Asiyeamini aliyesimama wodini humo huuliza kwa nini mtoto wa kitanda cha pili hakupona. Anatafuta chanzo kinachoeleza matukio yote mawili. Tukio ni lilelile, lakini kila mmoja anaondoka na uthibitisho wake. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hili limepimwa. Mwaka 1979, Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwasomesha wanafunzi 48, nusu wakiunga mkono adhabu ya kifo na nusu wakiipinga, muhtasari wa tafiti mbili zinazopingana. Kila upande uliusifu utafiti uliokubaliana nao, ukatoa kasoro kwenye ule mwingine, na ukatoka na msimamo mkali kuliko ulioingia nao. Ikiwa hali ndiyo hiyo kwa jambo la sheria, itakuwaje kwa imani iliyobeba jina la mtu, ndoa yake, na namna atakavyozikwa?

Asiyeamini atapinga: mimi sina msimamo wa kuulinda, nangoja ushahidi tu. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa anayedai kitu kipo ndiye mwenye mzigo wa kukithibitisha. Hata hivyo, kabla ya kungoja ushahidi ameshaamua ni kitu gani kitahesabiwa kuwa ushahidi, na uamuzi huo haukupimwa maabara. Muumini naye atasema: ukieleza imani kwa malezi na jamaa, umeifanya kuwa mazoea matupu. La hasha. Kueleza jinsi mtu alivyofika kwenye jambo si kuamua kama jambo hilo ni kweli. Mizani iliyopinda haiondoi uzito wa mzigo. Na wapo wanaobadilika, Okot mwenyewe akiwa mfano. Lakini mabadiliko yake yalimjia akiwa masomoni ughaibuni, mbali na nyumba iliyomlea, na sioni kwamba umbali huo ulikuwa jambo dogo.

Mjadala wa Mungu hautaisha, wala sitamani uishe, kwa sababu ni mjadala juu ya maana ya kuwapo kwetu. Ninachotamani ni uungwana wa kusikilizana. Wamisionari wa mwaka 1911 hawakudanganywa na wazee, na wazee hawakukosa akili. Wazee walijibu swali walilolisikia, na wageni wakachukua jibu la swali ambalo halikuwafikia wazee hata kidogo. Tukirudi kwenye mabishano yetu, msikitini, kanisani au barazani, na tuanze pale walipopita haraka: mwenzangu, umesikia nimekuuliza nini?