Joto la Nje Halikai Ukutani

Saa kumi alasiri, mwezi wa pili, kihisi nilichokipigilia kwenye ukuta wa nje wa nyumba yangu Dar es Salaam kilisoma nyuzi 43. Nikachukua kipimajoto cha kawaida, nikasimama nacho chini ya mwembe mpaka namba ikatulia: 32. Kihisi hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinapima ukuta wa magharibi uliochomwa na jua tangu adhuhuri, na kiliupima vizuri tu.

Naanza na kisa hicho kwa sababu wengi wanaoniuliza wanunue sensa gani ya bei nafuu huja tayari wameshika simu, wananionyesha kwamba hii inakosea kwa nusu nyuzi na ile kwa robo. Ukikosea mahali pa kuiweka, umepoteza kumi.

Kwanza, ya kazi gani? Kwetu pwani nyumba ya tofali za saruji hunywa joto mchana kutwa na kulitema usiku. Ifikapo saa nne usiku nje kumeshapoa, ndani bado tanuri. Mwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inayoendesha programu ya Home Assistant anaweza kuipa amri: nje kukiwa na ubaridi kuliko chumbani kwa nyuzi mbili, zima kiyoyozi, washa feni ya kutolea hewa. Uniti za LUKU zinapumua. Ila ukuta ule unaokidanganya kihisi mchana kwa jua hukidanganya usiku kwa joto lililobaki, na feni haiwaki kamwe. Kwa kazi hii, kukosea nusu nyuzi hakuna neno. Cha kuepuka ni DHT11, kile kidude cha buluu cha bei ya karanga: hukosea hadi nyuzi mbili, ambazo ndizo hasa tunazozitafuta.

Sasa redio. Vile vihisi vyeupe vya plastiki vinavyouzwa pamoja na skrini ya hali ya hewa, vingi hurusha namba zake kwa megahezi 433, masafa yaleyale ya rimoti nyingi za geti. Navipenda. Kila dakika moja hivi kinatupa ujumbe mfupi hewani na kulala tena bila kungoja jibu, ndiyo maana betri mbili ndogo humaliza mwaka. Masafa hayo pia hupenya tofali na nondo vizuri kuliko gigahezi 2.4 zinazotumiwa na waifai, Bluetooth na Zigbee. Ndani unachomeka kipokezi cha redio cha USB, na programu ya bure iitwayo rtl_433 inafasiri. Udhia wake ni kwamba vingi hujibadilishia namba ya utambulisho kila unapobadili betri, ukadhani kimekufa kumbe kimebadili jina. Na kwa kuwa havifichi kitu, usishangae kompyuta ikikusomea joto la uani kwa jirani.

Hapo kuna mtego kwa wenye ndugu ughaibuni. ITU, umoja wa kimataifa wa mawasiliano, umeiweka Afrika kanda moja na Ulaya, ambako 433 ni ya vifaa vidogo kama hivi. Marekani vingi hutengenezwa kwa megahezi 915, ambazo kwetu zinagusana na mawimbi ya simu za mkononi. Kabla shangazi hajalipia mzigo, mwombe asome namba nyuma ya boksi.

Kama tayari una taa au soketi za Zigbee, basi usihangaike na redio nyingine. Zile zinazokaa kwenye umeme hupokezana ujumbe hadi ufike. Tafuta tu kihisi kilichoandikwa IP65, yaani vumbi haliingii na maji ya kurushiwa hayakisumbui. Vile vidogo vya Bluetooth vya Xiaomi vyenye betri bapa ya CR2032 ni rahisi na vinapima unyevu pia, lakini vimetengenezwa kwa ajili ya ndani, na chumvi ya bahari haina subira.

Chaguo langu mwenyewe litawaudhi waliokuja kutafuta kisicho na waya. Ukiweza kutoboa tundu dogo kwenye fremu ya dirisha, nunua DS18B20, kile kilichofungwa ndani ya kijiti cha chuma kisichoshika kutu. Waya zake tatu zipite tunduni ziingie kwenye kibao cha ESP8266 kilichochomekwa kwenye umeme ndani. Waifai inaanzia pale, upande mkavu wa ukuta, na hakuna betri ya kubadilisha. Hakipimi unyevu, kweli, lakini mvua haikihusu.

Bandia zake zimejaa sokoni, kwa hiyo kipime kabla ya kukifunga. Jaza bilauri barafu iliyopondwa, tia maji kidogo, koroga, chovya kijiti, subiri dakika kadhaa. Lazima kisome karibu na sifuri. Nusu nyuzi juu au chini inakubalika. Kisha iambie kompyuta ipuuze 85 ikitokea ghafla: ndiyo namba ambayo DS18B20 huwa nayo kinapopata umeme, kabla hakijapima chochote. TANESCO wakikata na kurudisha, usipoikataa namba hiyo, nyumba itaamini nje kunachemka.

Kilichobaki ni kivuli. Maelekezo mengi ya Ulaya yanasema funga kihisi ukuta wa kaskazini. Kule ni sawa, jua lao halifiki huko isipokuwa asubuhi na jioni za kiangazi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta: kuanzia Machi hadi Oktoba jua la mchana huegemea kaskazini, miezi inayobaki huegemea kusini. Hakuna ukuta ulio salama mwaka mzima.

Dawa yake ni ya zamani. Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Uskoti na baba wa mwandishi Robert Louis Stevenson, alibuni sanduku jeupe lenye kuta za vibao vya mshazari: hewa inapita, jua halipiti. Vituo vya hali ya hewa duniani kote vililichukua. La nyumbani nimelitengeneza kwa visahani sita vyeupe vya kuwekea vyungu vya maua. Vitano nimevitoboa katikati, cha juu nikakiacha kizima kiwe paa, nikavipanga kifudifudi juu ya misumari mirefu ya nati, nikiachanisha kwa vipande vya bomba la plastiki vya sentimita mbili. Kijiti kinaning'inia katikati. Kimo kinachotakiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, juu ya majani na si juu ya zege.

Langu liko kwenye nguzo uani, mita moja na nusu, waya ukipita ndani ya bomba chini ya udongo. Jana saa kumi alasiri lilisoma 31.5. Kila baada ya wiki kadhaa nalifungua, maana mjusi kafiri amepapenda, na nyigu wanapeleleza kisahani cha tatu.