Jicho la Gari na Vizuizi Vinavyotembea

Dereva amwonapo mtoto ukingoni mwa barabara hatazami tu mahali alipo, bali hukisia pia atakapokuwa baada ya kitambo kidogo. Kazi hiyo, ambayo binadamu huifanya bila kujitambua, ni ngumu mno kwa gari linaloongozwa na kompyuta na lenye kamera badala ya macho.

Picha ni bapa, haina kina. Aidha gari lenyewe linakwenda, hivyo hata miti na nguzo huonekana zikisogea pichani. Kompyuta hulazimika kwanza kuondoa mwendo wa gari. Kinachobaki ndicho mwendo wa kizuizi. Hata hivyo picha bapa hudokeza mengi. Ikiwa upana wa lori pichani umeongezeka maradufu katika sekunde 2, basi umbali umepungua kwa nusu. Na mwendo usipobadilika, gari litalifikia lori hilo baada ya sekunde 2 nyingine. Ajabu ni kwamba hesabu hiyo haihitaji kujua lori liko umbali wa mita ngapi.

Lakini picha moja moja hudanganya, hasa penye kivuli au mvua. Hapo hutumiwa kanuni aliyoitangaza Rudolf Kalman mwaka 1960. Kompyuta hubashiri mahali kizuizi kitakapoonekana katika picha ifuatayo, hulinganisha ubashiri huo na kilichoonekana, kisha husahihisha makisio yake. Kizuizi kikifichwa kidogo na gari jingine, hakisahauliki. Nchini Ujerumani Ernst Dickmanns na wenzake waliitumia njia hiyo, na mwaka 1995 gari lao lilisafiri kutoka Munich hadi Odense, Denmark, likijiongoza lenyewe sehemu kubwa ya safari.

Hatari huja kumbukumbu hiyo inapokatika. Tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, Marekani, gari la majaribio lilimgonga na kumwua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku akisukuma baiskeli. Gari hilo lilikuwa na rada na vipimo vya leza pamoja na kamera. Uchunguzi ulionyesha kwamba mitambo ilimtambua sekunde 5.6 kabla ya ajali, ila ilimhesabu mara kuwa gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli; na kila ilipobadili jina, iliacha kuitumia kumbukumbu ya mwendo wake wa awali. Mtu aliyekuwa akivuka moja kwa moja akawa, kwa kompyuta, kitu kipya kila mara, kisicho na njia kilikotokea.