Siku 23 Nyuma ya Daktari wa Kremmling

Septemba 1948, jarida la Life la Marekani liliwaletea wasomaji wake mtu ambaye hakuwa mwigizaji, jenerali wala mwanasiasa. Aliitwa Ernest Ceriani, daktari wa miaka 32 katika mji mdogo wa Kremmling, kwenye milima ya Colorado. Alihudumia watu wapatao 2,000 waliotawanyika katika eneo la kilomita za mraba kama 1,000, na daktari mwingine hapakuwa. Mpiga picha alikuwa W. Eugene Smith. Makala hiyo ya picha, "Country Doctor", bado inafundishwa katika vyuo vya upigaji picha.

Smith alikaa na daktari siku 23. Inasimuliwa kwamba mwanzoni alipiga picha bila kuweka filamu kwenye kamera. Alikuwa na sababu nzuri. Mtu akijua anapigwa picha hujinyoosha, hurekebisha kola, hutazama lenzi. Na mgonjwa aliyeletwa akilia kwa maumivu hahitaji mgeni wa kumzunguka. Basi Smith aliacha mlio wa kamera uzoeleke kwanza, kama mlio wa mlango unaofunguliwa na kufungwa kutwa nzima. Filamu ilikuja baadaye, daktari alipokwisha kuacha kumwangalia.

Smith mwenyewe alikuwa ametoka kwenye ugonjwa mrefu. Mwaka 1945, akipiga picha za vita huko Okinawa, alijeruhiwa vibaya na kombora, na matibabu yakamchukua karibu miaka miwili. Alijua kulala kitandani ukisubiri uso wa daktari ukupe habari.

Labda ndiyo maana picha kali zaidi za Kremmling ni za nyuso. Siku moja Ceriani alipata upenyo wa kwenda mtoni kuvua samaki. Muda si muda akafuatwa: mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu alikuwa amepigwa teke la kichwa na farasi. Daktari alishona jeraha la paji la uso kwa uangalifu, kovu lisije likawa kubwa, huku wazazi wakitazama. Jicho halikuweza kuokolewa. Smith hakuelekeza kamera kwenye damu tu. Alimngoja daktari amalize kushona, akaunasa uso wake katika dakika ile anapotafuta namna ya kuwaambia wazazi.

Picha ya mwisho ndiyo mashuhuri zaidi. Ni saa nane usiku, jikoni hospitalini. Ceriani ameegemea kaunta akiwa bado na kofia na joho la upasuaji, barakoa imening'inia shingoni, kikombe cha kahawa mkono mmoja na sigara mkono mwingine. Macho yametazama chini. Alikuwa ametoka kumfanyia mama upasuaji wa kujifungua. Mama na mtoto wote walifariki.

Ukiitoa picha hiyo peke yake na kuitundika ukutani, utaona mtu aliyechoka. Iweke baada ya yule mtoto na baada ya mto aliolazimika kuuacha, utaona kwamba uchovu huu una historia, na kwamba kesho asubuhi hakuna mwenzake wa kumpokea zamu. Hapo ndipo thamani ya makala ya picha ilipo: mpangilio unasema jambo ambalo picha moja, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kulisema. Na mpangilio huo haupatikani kwa ziara ya nusu siku. Anayefika saa nne na kuondoka saa nane mchana atarudi na picha za daktari akitabasamu na kipimo cha mapigo ya moyo shingoni, basi.

Smith aliirudia njia hiyo miaka mitatu baadaye, huko South Carolina, akimfuata Maude Callen, muuguzi na mkunga mweusi aliyehudumia familia maskini za vijijini. Life ilichapisha picha hizo Desemba 1951. Wasomaji walituma zaidi ya dola 20,000, na kwa fedha hizo Callen akajengewa kliniki huko Pineville, iliyofunguliwa mwaka 1953. Alifanya kazi humo hadi alipostaafu mwaka 1971.