Wachimba Makaa wa Wheldale katika Michoro ya Henry Moore

Aotaye moto aghalabu hamkumbuki aliyekwenda kutafuta kuni, na ndivyo walivyoishi Waingereza wengi katika zama za makaa ya mawe: walipasha nyumba zao joto, wakasafiri kwa gari la moshi na kuendesha viwanda vyao kwa makaa hayo, ilhali wachimbaji walifanya kazi chini ya ardhi, mahali ambapo jicho la raia wa kawaida halifiki. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, haja ya makaa ilizidi, maana bila ya makaa hapana chuma, na bila ya chuma hapana bunduki wala meli. Upungufu wa wachimbaji ulikuwa mkubwa hata Desemba 1943 Ernest Bevin, Waziri wa Kazi, akaanzisha mpango wa kuwapeleka migodini, kwa kupigiwa kura, baadhi ya vijana waliostahili kuitwa jeshini. Na waliopita katika mpango huo, pamoja na wale waliokwenda kwa hiari, walikuwa takriban 48,000.

Serikali ilikuwa imekwisha kuunda kamati ya kuwaagiza wasanii waihifadhi vita kwa kalamu na rangi, chini ya uongozi wa Kenneth Clark, mkuu wa jumba la picha la taifa mjini London. Kamati hiyo, baada ya kupendezwa na michoro ya Henry Moore ya watu waliojikinga na mabomu katika stesheni za reli za chini ya ardhi, ilimwagiza awachore wachimba makaa. Moore, ambaye sifa yake ilikuwa ya uchongaji wa sanamu, alichagua mgodi wa Wheldale, katika mji wa Castleford huko Yorkshire, nako ndiko alikozaliwa mwaka 1898, mtoto wa saba katika watoto wanane. Na baba yake, Raymond, ambaye hakutaka wanawe wawe wachimbaji, alikuwa amefanya kazi katika mgodi uo huo.

Alishuka humo mwishoni mwa mwaka 1941, akakuta mambo ambayo mtu wa juu ya ardhi ni vigumu kuyawaza. Mashine ya kukata makaa ilinguruma bila ya kusita, vumbi jeusi likajaa hewani hata mwanga wa taa za wachimbaji usiweze kulipenya zaidi ya inchi chache, na penye tabaka jembamba watu iliwabidi kutambaa baina ya nguzo zinazozuia mwamba, wakapiga makaa hali wamelala ubavu. Kwa msanii, hapo palikuwa na mtihani mkubwa, kwa sababu mchoraji hutegemea nuru ili kuonyesha umbo, na hapa nuru yenyewe ilikuwa haba mno.

Alichokifanya ni kuandika na kuchora haraka katika madaftari madogo, kisha akarejea nyumbani kuzikamilisha picha kubwa mwaka 1942. Njia yake ilikuwa kupitisha nta mahali alipotaka pang'ae, penye bega, uti wa mgongo au ukingo wa nguzo, kisha kupaka juu yake rangi ya maji iliyo nyeusi. Na kwa kuwa nta na maji havipatani, rangi ilikimbia pale penye nta ikatua kwingineko, na mwili wa mchimbaji ukatokeza gizani. Mwisho alichukua kalamu na wino kuikaza mistari ya misuli. Katika mchoro mmojawapo, uliomo katika jumba la makumbusho ya vita mjini London, mchimbaji mmoja anasukuma toroli la makaa: mgongo umepinda chini ya dari, mikono imenyooka, na uzito wote wa mzigo unasomeka katika mwili wake kabla hata hujalitazama toroli.

Hadi wakati huo Moore alikuwa amechora wanawake zaidi, wengi wao wamekaa au wamejinyoosha. Ni mgodini ndimo alimojifunza kumtazama mwanamume aliye kazini, na elimu hiyo ilidhihiri katika sanamu za askari alizozichonga miaka ya 1950. Walakini faida iliyo kubwa zaidi haikuwa yake peke yake. Mgodi wa Wheldale ulifungwa mwaka 1987, na Desemba 2015 ukafungwa wa Kellingley, nao katika Yorkshire, uliokuwa mgodi wa mwisho wa makaa wa kina kirefu katika Uingereza. Hivyo kazi iliyolilisha taifa kwa vizazi vingi imekwisha, na wanaotaka kujua ilivyokuwa hawana budi kurejea kwa ushahidi wa namna hii.

Basi wenye mamlaka na mali, wanapowaagiza wasanii picha za viongozi na majemadari, wawaagize pia picha za watu wa kazi, na wafanye hivyo wakati kazi ingali ikifanywa na wafanyao wangali hai, kwa kuwa hiyo ni haki yao, wala si hisani.