Sentensi Mbili Chini ya Jibu

Tuseme mwanafunzi wa darasa la tano ameandika ubaoni 1/2 + 1/3 = 2/5. Mwalimu anaweka kosa, anamwita mwingine. Huyu anaandika 5/6, anapata vema, na kipindi kinaendelea. Kwa desturi tunasema mmoja ameelewa na mwingine hajaelewa. Je, tunajuaje? Tutajua tukiwapa nafasi ya kuandika.

Kuandika kunakozungumziwa hapa si kunakili maelezo ya ubaoni, wala si kuonesha njia. Njia huonesha mwanafunzi alifanya nini. Kuandika ni kueleza, kwa sentensi zake mwenyewe, kwa nini alifanya hivyo.

Sasa wale wawili waambiwe waongeze sentensi mbili chini ya jibu. Wa kwanza anaandika: “Nimejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini.” Kosa lake limejianika: kwake kiasi na asili ni namba mbili zisizohusiana, kila moja na hesabu yake. Wa pili anaandika: “Mwalimu alisema tutafute KDS.” Kigawe kidogo cha shirika amekipata vizuri, ila hajui anakitafutia nini. Vema yake ilikuwa imeficha jambo ambalo kosa la mwenzake lilikuwa tayari kulionesha.

Hatua ifuatayo ni swali jingine: “Mwandikie mdogo wako kwa nini 2/5 haiwezi kuwa jibu.” Hapa kanuni haisaidii, lazima alinganishe. Nusu ya chapati ni sawa na 5/10, na 2/5 ni sawa na 4/10. Ulikuwa na nusu, ukaongezewa kipande, halafu ukajikuta na chapati pungufu ya ile uliyoanza nayo! Mtoto akishaandika hivyo, amejifunza kulikagua jibu kabla ya kulipeleka kwa mwalimu.

Zoezi la pili ni kutunga fumbo. Kwa kawaida kitabu hutoa fumbo, mwanafunzi akatafuta hesabu, hapa tunageuza. Wape 12 ÷ 4. Wengi wataandika kuhusu maembe 12 waliyogawana watoto wanne. Wachache wataandika kuhusu muuzaji sokoni anayepanga maembe 12 kwa mafungu ya manne manne, wakauliza amepata mafungu mangapi. Jibu ni 3 kwa wote, lakini maana ni mbili: kugawana na kupanga mafungu. Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka siku ya 6 ÷ 1/2. Maembe sita hayagawiwi nusu mtoto. Lakini lita 6 za mafuta ya taa hujaza chupa 12 za nusu lita, na aliyezoea mafungu haoni ajabu.

Wala wanaofundisha hawajasalimika. Katika kitabu chake cha mwaka 1999, mtafiti Liping Ma anaeleza jinsi walimu wa shule za msingi wa Marekani na China walivyoombwa kutunga fumbo la 1 3/4 ÷ 1/2. Kati ya Wamarekani 23, ni mmoja tu aliyetunga linalokubalika kihisabati. Wengi waligawanya kwa mbili badala ya nusu. Kati ya Wachina 72, walioweza ni 65.

Kuna jambo la lugha. Katika shule nyingi za serikali za Tanzania mtoto hujifunza Hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha sekondari hukuta Kiingereza. Akidaiwa maelezo kwa Kiingereza mapema mno, ataandika sentensi aliyokariri, nasi tutakuwa tumepima lugha. Heri rasimu iwe kwa Kiswahili.

Na kuna darasa la watoto 80. Ukisoma kila daftari kwa dakika moja tu, ni saa moja na dakika 20, na bado hujala. Hakuna haja. Dakika tano za mwisho wa kipindi zinatosha kuandika, na madaftari manane yanatosha kuonesha kosa linalojirudia.

Kwa maoni yangu kuandika hakuchukui nafasi ya mazoezi. Jedwali la kuzidisha bado litakaririwa. Lakini sentensi hizi zisipewe alama, na tahajia isiguswe, maana mtoto akijua anasahihishwa ataandika yanayompendeza mwalimu. Mwalimu unayetaka kujaribu, anza kesho na ile 2/5.